Msituite siku ya ajali tu: barua ya wazi kutoka Moshi

Kwa: Waziri wa Afya, Waziri mwenye dhamana ya Utumishi wa Umma, Waziri wa TAMISEMI, Wakuu wa Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, Waganga Wakuu wa mikoa hiyo miwili.

YAH: AJIRA NA MAZINGIRA YA KAZI YA WANASAIKOLOJIA

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima na taadhima. Mimi ni mwanasaikolojia tiba. Kwa sasa niko hospitali moja hapa Moshi, na kabla ya hapo nilikuwa Arusha. Barua za kupitia kwa mkuu wa idara nimeshaziandika. Hii naiandika hadharani kwa kuwa jambo lenyewe ni la wananchi kuliko langu.

Ombi nalitaja mwanzoni, ili asiye na muda wa kusoma yote angalau aondoke nalo: wekeni nafasi ya mwanasaikolojia kwenye ikama, yaani orodha ya watumishi wanaohitajika, ya kila hospitali ya wilaya katika mikoa hii miwili, na atakayeajiriwa kwa nafasi hiyo aachwe afanye kazi hiyo.

Kila kanda yetu inapopatwa na msiba mkubwa, tunatafutwa. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule lilitumbukia korongoni Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Walikuwa watoto wa darasa la saba wakienda kufanya mtihani wa majaribio. Maelfu waliaga miili yao Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na aliyeongoza waombolezaji alikuwa Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkutano wa maombi hapa Moshi, viwanja vya Majengo. Tarehe 24 Februari 2024 ikawa Ngaramtoni, roho 25 barabarani. Haukupita muda, Aprili ya mwaka huohuo, gari la shule likasombwa na maji jijini Arusha.

Misiba ya aina hii ikitokea, tunaazimwa kutoka tulipo, tunapandishwa gari, tunakaa na wafiwa siku mbili tatu. Mazishi yakiisha, gari linaturudisha.

Nataka mjue kinachoendelea gari hilo likishaondoka. Wiki za mwanzo karibu kila aliyenusurika hushtuka ovyo, huota ndoto mbaya, chakula hakipiti. Huo si ugonjwa. Wengi hutulia wenyewe wakiwa na ndugu, jirani na ibada zao. Kumlazimisha mtu asimulie yote aliyoyaona siku ileile kunaweza hata kumwongezea maumivu, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba siku za mwanzo mtu apewe usalama, taarifa sahihi na watu wake wa karibu. Kazi yetu hasa inaanza baadaye, mwezi wa pili, wa tatu, wa sita. Ndipo anapoonekana yule ambaye hajatulia: mzazi asiyepanda tena gari, mwalimu anayekwepa kuingia darasa lile, mtoto aliyeacha kuongea shuleni, baba ambaye kila jioni yuko kilabuni na zamani hakuwa mtu wa pombe. Wakati huo kamati imeshavunjwa. Amebaki mtu mmoja mmoja nyumbani kwake, Ngarenaro ya Arusha au Pasua ya Moshi, na ndugu wamechoka kumwambia ajikaze. Akitaka msaada, aende wapi? Hospitali ya wilaya yake ina daktari, ina muuguzi, ina mfamasia. Mwanasaikolojia haina, kwa sababu hakuna aliyemwandika kwenye orodha ya watumishi wanaohitajika.

Kwa Sensa ya 2022, mikoa ya Arusha na Kilimanjaro ina watu zaidi ya milioni 4.2. Shirika la Afya Duniani lilipohesabu wahudumu wa afya ya akili mwaka 2020, wa fani zote kwa pamoja, lilikuta kwamba dunia ina wastani wa 13 kwa kila watu 100,000, na kanda ya Afrika haifikishi wawili. Mgonjwa wetu akizidiwa, ndugu bado wanafikiria Mirembe, Dodoma, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1927, zaidi ya kilomita 400 kutoka Moshi. Mirembe inafanya kazi kubwa na naiheshimu. Lakini mwanamke wa wilaya ya Mwanga mwenye huzuni iliyomlaza kitandani tangu mume afariki hahitaji Mirembe. Anahitaji mtu aliyesomea, anayefikika kwa nauli ya basi dogo, atakayemwona kila wiki kwa miezi mitatu.

Watu wengi, wakiwemo baadhi ya viongozi wetu kazini, wanaamini kazi ya mwanasaikolojia ni kuongea na watu. Kwa hiyo hawaoni haja ya kuajiri, maana mchungaji anaongea na watu, shehe anaongea, shangazi anaongea, na wanaongea vizuri. Sina ugomvi nao. Nawapelekea watu, na wao wananiletea. Ila naomba niwaonyeshe sehemu moja tu ya kazi yangu, ile isiyoonekana.

Moshi ina majeruhi wengi wa bodaboda. Kijana anaangukia kichwa, analazwa, kidonda kinapona, anaruhusiwa. Baada ya wiki kadhaa mama yake anamrudisha: "Huyu si mwanangu. Anafoka, analia ovyo, nikimtuma vitu vitatu analeta kimoja." Wengine wameshamwambia amerogwa, wengine kwamba ameanza bangi. Akifika kwangu namwomba anichukue kwa maneno kutoka Kiborloni anipeleke Pasua, anitajie kila kona. Ni njia aliyoiendesha miaka. Anaanza vizuri, anafika kipilefti ya YMCA, anakwama. Anarudi nyuma, anaanza upya, anakwama palepale, anakasirika. Kisha namtajia namba azirudishe kinyumenyume, nampa picha azipange kwa mfululizo, nampa kazi fupi inayomtaka aache jibu la kwanza linalomjia kichwani atafute la pili. Natafuta kilichoumia: ni kumbukumbu, ni umakini, au ni ule uwezo wa kujizuia kabla ya kufoka?

Jibu likipatikana, nyumba nzima inabadilika. Mama anaelewa kwamba si jeuri. Kijana harudishiwi pikipiki mpaka umakini urudi, na hapo tumeokoa abiria ambaye hatutamjua kamwe. Anapewa daftari la mfukoni na utaratibu wa kulitumia, anafundishwa kuondoka chumbani hasira ikianza kupanda, tunampima tena baada ya miezi. Mashine ya kupiga picha ya ubongo haitoi majibu hayo, na shangazi hawezi kuyatoa hata awe na busara kiasi gani.

Vipimo vyenyewe navyo vinahitaji mtu wa kuvijua. Vingi vilitungwa Ulaya na Marekani. Kipimo cha akili cha Alfred Binet, ambacho vingi vya leo vimetokana nacho, kilitungwa Paris mwaka 1905 kwa watoto wa shule za kule. Ukimpa mtoto wa Longido kipimo cha kigeni kama kilivyo, ukamwandikia kwamba ana akili nzito kwa kuwa hakutambua picha ya kitu ambacho hajapata kukiona, umemharibia maisha kwa karatasi moja. Nimeona ripoti za namna hiyo zimeandikwa na watu wasio na mafunzo, wazazi wakazilipia, na shule ikazitumia kumkataa mtoto. Naomba jambo hili mlichukulie kwa uzito uleule ambao mngelichukulia mtu asiye fundi maabara anayetoa majibu ya damu.

Fani ziko nyingi na kila moja ina mahali pake. Daktari wa magonjwa ya akili anatambua ugonjwa, anaandika dawa, analaza. Muuguzi wa afya ya akili yuko na mgonjwa usiku na mchana. Afisa ustawi wa jamii anafuatilia familia, matunzo ya watoto, msamaha wa gharama. Mimi napima fikra, hisia na tabia, na natibu kwa mazungumzo yenye mpango: vikao kumi au kumi na viwili, kila kimoja na lengo lake na kazi ya kwenda kufanya nyumbani. Nikikosekana, dawa inabebeshwa mzigo ambao si wake. Wapo wanaomeza vidonge vya usingizi miaka kwa huzuni ambayo ingetibika kwa miezi mitatu ya vikao.

Sasa mazingira ya kazi. Hapa nawaomba Waganga Wafawidhi, yaani wakuu wa hospitali, wanisome kwa makini, kwa sababu la kwanza nitakalotaja halihitaji bajeti.

Katika hospitali mojawapo niliyofanyia kazi, chumba changu kilikuwa pia stoo ya glavu na mabomba ya sindano. Aliletwa msichana wa sekondari; nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha. Shule ilisema anaanguka na kupiga kelele, wenzake wakasema ni mapepo, ameshaombewa mara nyingi. Alikaa kwenye kiti akiangalia sakafu, akivuta uzi uliotoka kwenye mkono wa sweta yake. Sikumharakisha. Uzi ukawa mrefu. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Ni mjomba," na mlango ukafunguliwa. Mhudumu akaomba radhi, akachukua katoni ya glavu, akatoka. Hakukosea, alikuwa ametumwa. Binti akajifuta uso, akaendelea: "Ni mjomba ndiye ananilipia ada. Namshukuru sana." Ilipita miezi kabla hajalirudia alilotaka kusema siku ile, na miezi hiyo yote aliendelea kulala nyumba ileile.

Mlango unaofungwa kwa ndani ni kifaa changu cha tiba. Bila huo, sina ninachofanya pale. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatutaka tutunze siri za watu, na mgonjwa wa akili siri zake ndizo ugonjwa wenyewe. Ila nimefanya kazi mahali ambapo faili langu hukaa kwenye shelfu moja na vitabu vya chanjo, anayepita anafunua.

Jingine ni majukumu. Kwa kuwa "unajua kuongea na watu", utapangwa kusimamia foleni, kuwapokea wageni wa Wizara, kuwa mshereheshaji wa sherehe ya wauguzi, kuwatuliza ndugu wanaogombana na mhasibu. Mtumishi ni mtumishi, na kusaidiana si tatizo. Tatizo ni pale anayetakiwa aonwe kila Jumanne anakuja Jumanne na kukuta nimepelekwa kwenye dirisha la bima. Mtu aliyepanga kujiua akapewa miadi, akafika, akakosa mtu, hana hakika ya kurudi. Na takwimu za mwisho wa mwezi haziusemi uzito huo: mgonjwa aliyekaa nami saa nzima na aliyeandikiwa dawa kwa dakika tano, kila mmoja ni mstari mmoja. Kwa macho ya anayesoma jedwali, mimi ni mtumishi asiye na kazi.

Halafu lipo ambalo hata sisi wenyewe hatulisemi. Kazi hii ni kusikiliza ubakaji, vifo vya watoto, wanaume wanaotaka kufa, siku baada ya siku, na kwenda nyumbani kula na watoto wako. Kwa taratibu za taaluma yetu, kila mwanasaikolojia hata awe mkongwe anatakiwa awe na msimamizi wa kitaalamu, mwenzake anayempitia kesi, anayemwambia hapa umepotoka, hapa umechoka, huyu mpeleke kwa mwingine. Ukiwa peke yako wilayani, msimamizi ni nani? Wengi tunapigiana simu usiku kwa vocha zetu, tunasimuliana bila kutaja majina. Hilo lingeweza kuwa saa mbili kwa mwezi kwenye ratiba ya kazi, Moshi na Arusha tukikutana kwa zamu, ni mwendo wa saa mbili tu kwa basi. Muda huo haupo popote kwenye utaratibu wa utumishi wetu.

Na msidhani kwamba mwanasaikolojia mmoja kwa wilaya ni tone lisilosaidia. Jibu la hoja hiyo limepatikana hapahapa Moshi, na dunia imelisoma. Watafiti wa Tanzania, Kenya na Marekani waliwafanyia kazi watoto 640 wa Moshi na wa Bungoma, Kenya, mjini na vijijini kila upande, wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na ambao msiba ulikuwa bado unawatesa. Nusu yao walipata tiba ya vikundi. Walioendesha vikundi hawakuwa wataalamu wa afya ya akili. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa mbinu, wakawa wanasimamiwa kwa karibu wiki baada ya wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: katika maeneo matatu kati ya manne, watoto wa vikundi walimaliza tiba wakiwa na nafuu zaidi ya wenzao waliopata huduma za kawaida.

Mnaposoma utafiti ule, naomba msiishie kwenye habari njema kwamba mtu wa kawaida anaweza. Ni kweli anaweza. Angalieni pia waliokuwa nyuma yake: waliomfundisha, waliomsikiliza kila wiki, waliomwambia lini mtoto huyu amezidi uwezo wa kikundi. Hapo ndipo mwanasaikolojia mmoja wa wilaya anapokuwa na faida ya watu ishirini. Walimu wa unasihi mashuleni wapo, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, dawati la jinsia na watoto polisi lipo, viongozi wa dini wapo. Wanakosa mtu wa kuwasimamia.

Mfano mwingine uko hospitali ya KCMC hapa Moshi, ambako wauguzi wa dharura wamefundishwa mazungumzo mafupi na majeruhi wanaokunywa pombe, kwa jina la Punguza Pombe Kwa Afya Yako, pamoja na ujumbe wa simu wa kumkumbusha mtu akisharudi nyumbani. Serikali ilipiga marufuku viroba, vile vipakiti vya pombe kali, kuanzia Machi 2017, na ilifanya vema. Ila marufuku haimfikii anayekunywa mbege tangu asubuhi kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa baba yake, wala kijana anayekunywa gongo kwa sababu hawezi kulala. Kila Januari, baada ya watu wa Kilimanjaro waliotapakaa nchi nzima kurudi nyumbani kwa Krismasi, nawapokea: waliogombania mipaka ya kihamba mbele ya kaburi la baba, waliolewa wakapiga mke, vijana walioulizwa mbele ya ukoo mzima "na wewe umeleta nini". Ni msimu unaojulikana kama masika. Hatujaupangia mtumishi hata mmoja.

Arusha nayo ina historia yake katika jambo hili. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015, ilifanyia kazi zake jijini pale, na hukumu dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya huko Rwanda, ya tarehe 2 Septemba 1998 ndiyo ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Wanawake walisimama wakasimulia. Kanuni ya 34 ya mahakama ile iliagiza kiwepo kitengo cha kuwahudumia mashahidi na wahanga, na kwamba wapatiwe unasihi, hasa waliobakwa. Iliandikwa kama kanuni, haikuachwa kwa huruma ya mtu. Nawaomba na mahakama zetu za wilaya, katika jiji hilohilo, zimpatie mtoto wa miaka tisa anayetoa ushahidi dhidi ya jirani yake kile ambacho kanuni ile iliwapatia mashahidi wale: mtu aliyesomea, anayemwandaa kabla, anayekuwa naye siku hiyo, anayemfuatilia baadaye. Dawati la jinsia linapoleta mtoto kwangu saa kumi jioni, kesi ikiwa kesho asubuhi, hakuna la maana ninaloweza kumfanyia.

Wataalamu wapo. Vyuo vyetu vinawasomesha, Dodoma, Dar es Salaam, Muhimbili na kwingineko. Kinachotokea baada ya mahafali ndicho kinachouma. Anakuja kijana na shahada yake ya saikolojia, anaomba kujitolea. Anajitolea mwaka, anajitolea wa pili, anajilipia nauli na chakula, anaona wagonjwa kabisa, saini ikihitajika anaweka mwingine. Anaingia kwenye mfumo wa ajira za Serikali kila tangazo likitoka, anatafuta kada yake haioni, anaomba ualimu au ustawi wa jamii. Waliopata riziki kwenye miradi ya VVU ya wafadhili walijikuta nje Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake. Wagonjwa wao hawakusimama. Walibaki na vidonge, ila yule aliyekuwa akiwasikiliza hayupo. Mmoja wa vijana niliowasimamia mimi, mwenye kipaji ambacho sijakiona kwa wengi, leo anauza viatu vya mtumba. Hana kosa, na viatu ni kazi halali. Ni sisi tuliompoteza.

Nafasi hiyo ikiachwa wazi, inajazwa. Mtu anaandika "mwanasaikolojia" kwenye kibao au kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, anatoza pesa kwa simu, anamwambia mke aliyepigwa avumilie, anamwambia mwenye sonona kwamba ni uvivu wa roho. Mwananchi wa kawaida hajui aulize wapi kama huyo amesoma. Kenya walitunga Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia mwaka 2014. Nasi tunahitaji jina la kazi hii lilindwe waziwazi, kuwe na daftari la majina ambalo hata mama wa mtaa wa Sakina, Arusha, anaweza kuliangalia kwa simu yake kabla hajampeleka mwanawe, na mwenye kukosea awe na mahali pa kushtakiwa, nami nikiwemo.

Kuna sheria nyingine inayotufunga mikono. Kanuni yetu ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 727,000 walijiua duniani mwaka 2021, na aliyewahi kujaribu ndiye yuko hatarini zaidi. Huyo ndiye tunayemhitaji aje aseme. Badala yake familia inaleta kijana aliyekunywa sumu ya kuulia wadudu wa kahawa na kusema alidhani ni soda, naye anaitikia kwa kichwa, kwa sababu polisi yuko pale mlangoni. Hapo siwezi kumtibu kwa ukweli. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume na Katiba. Nawaomba mpeleke muswada bungeni, chetu nacho kifutwe.

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilishapitishwa mwaka 2023. Kitita cha huduma kitaje vikao vya tiba ya mazungumzo waziwazi, kwa idadi inayotibu. Kikao kimoja si tiba, na mtu aliyejitutumua kuja mara ya kwanza asirudishwe kwa sababu ya pesa ya kikao cha pili.

Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa, kamati zenu za maafa ziwe na majina yetu mapema, kabla ya ajali. Mpango usiishie makaburini: kila aliyenusurika na kila familia iliyofiwa iandikwe kwenye orodha, na atajwe mtumishi atakayewafuata baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka. Hilo linaweza kuandikwa kwenye mpango wa mkoa bila kusubiri sheria yoyote.

Waganga Wafawidhi, chumba chenye mlango na kabati lenye ufunguo.

Na kwa Utumishi na TAMISEMI narudia ombi lile la mwanzo, maana mengine yote bila hilo ni maneno. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na ikama hupangwa na halmashauri mapema kabla ya hapo. Naomba katika makadirio yajayo kila halmashauri ya Arusha na Kilimanjaro iandike nafasi moja ya mwanasaikolojia katika hospitali ya wilaya, na kibali cha ajira kitoke. Halmashauri ambayo haijui aandikwe kwa sifa zipi na majukumu gani, mimi na wenzangu tuko tayari kukaa na afisa utumishi wake tumsaidie kuandika, wiki yoyote atakayotuita.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwanasaikolojia tiba,
Moshi, Kilimanjaro.